Malalamiko ya Nyuma ya Karatasi

3 Machi

Kwa Shemeji,

Nimefika salama. Jikoni nimekuta maafa. Msaidizi wangu aliunguza uji siku zote nilizokuwa msibani, na wanafunzi walivyoniona getini walipiga makofi kama vile nimetoka vitani. Hata mwalimu mkuu, ambaye huwa hasemi na mpishi ila nywele ikionekana kwenye sahani, alikuja kunipa pole. Nikamshukuru, kisha nikaingia stoo nikalia nyuma ya magunia. Mpishi ana bahati yake, shemeji. Akitoka na macho mekundu, watu husema ni vitunguu.

Nisamehe kwa kuleta habari za mchezo wakati hata kaburi halijakauka. Ni ile bahasha. Nilipomtembelea kaka hospitalini aliniambia ameshaandika ya mwaka huu, ameifunga, imebaki kupelekwa posta tu, na wewe unajua ilipo. Shindano linafungwa mwisho wa mwezi huu. Yangu nimeshatuma, inahusu mkaguzi wa afya aliyesinzia jikoni kwangu akaangusha miwani ndani ya sufuria.

Unajua jinsi tulivyokuwa. Kila mwaka gazeti linatangaza shindano la visa vya kuchekesha, kila mwaka tunatuma wote wawili, kila mwaka tunashindwa. Halafu ndiyo raha yenyewe inaanza, kuwasema majaji mpaka shindano jingine. Kaka alikuwa hasubiri hata matokeo. Upande wa mbele wa karatasi anaandika kisa chake, upande wa nyuma anawaandikia majaji malalamiko ya mwaka uliopita. "Wajue kwamba Mshale Mfupi hasahau," alikuwa akisema, kwa lile jina lake la shindanoni. Na yule mwenyekiti wao, Bibi Ndimu! Ile picha yake gazetini, uso kama aliyeng'ata ndimu akakosa pa kuitemea. Kaka ndiye aliyempa jina.

Ipeleke, shemeji. Nataka asomwe mara hii ya mwisho. Safari hii nina hakika atashinda, na akishinda nitapanda jukwaani kuichukua zawadi yake mimi mwenyewe.

Wako,
Mwiko


21 Machi

Kwa Shemeji Mwiko,

Asante kwa barua. Nilifurahi kusikia wanafunzi wamekupigia makofi. Kaka yako angesema walikuwa wanafukuza nzi.

Hapa tunaendelea. Kibanda chake cha saa nimekifungua mara moja tu, kuwarudishia wateja saa zao. Zile ambazo hakuwahi kuzimaliza wengi wamezichukua hivyo hivyo. Mzee wa duka la vioo alisema, "Acha isimame, Mama, isimame tu." Kile kioo chake kidogo cha jichoni nilikikuta ndani ya kikombe cha chai. Sijakiosha kikombe.

Kazi ninazo. Sare za shule zimeanza kuingia, na mwalimu wa kike wa mtaa wa pili bado ananidai maelezo kwa nini pindo la gauni lake lilikwenda upande. Nimemwambia ni cherehani.

Kuhusu bahasha, usiwe na wasiwasi. Jumatatu nilikwenda posta. Foleni ilikuwa ndefu mpaka nje, na yule karani mwenye sweta alikuwa peke yake dirishani.

Kula vizuri. Wapishi ndio hufa njaa.

Shemeji yako,
Fundi


9 Juni

Kwa Shemeji,

Umeliona gazeti? Usilinunue. Ukilinunua, fungia samaki.

Mimi nimekuwa wa pili. Ndiyo, mimi! Kisa cha miwani kwenye sufuria. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikijiuliza siku nikiona jina langu pale nitafanya nini, kumbe nililiruka tu nikaanza kutafuta la kaka. Hayupo wa kwanza. Hayupo wa tatu. Nikashuka kwenye ile orodha ya chini, ya "waliojitahidi", wanamotia kila mtu anayejua kushika kalamu. Hayupo! Shemeji, yumo mtu aliyeandika kuhusu mbuzi aliyekula kitambulisho. Hicho kisa kilichekwa kabla sijazaliwa.

Mimi si mtu wa kujisifu, mimi najua kupakua tu. Kuchekesha ni kwa kaka. Mimi nilikuwa nikiiga. Mtu anawezaje kumpa mwigaji nafasi ya pili, na mwenye kuigwa akamtupa kapuni? Na hata hawakujua kuwa ni marehemu, walimtupa wakidhani yu hai, atanung'unika kama kawaida yake mambo yaishe.

Basi hayaishi. Hafla ya zawadi ni tarehe 12 Julai na nimealikwa. Nitakwenda. Nitapanda jukwaani, nitaikataa zawadi yao, na nitamwambia Bibi Ndimu mbele ya watu alichomfanyia kaka yangu.

Mwiko


16 Juni

Kwa Shemeji Mwiko,

Hongera sana. Nimekisoma kisa chako nikiwa nimesimama pale pale kwa muuza magazeti, na aliniuliza nanunua au nakodi. Kaka yako angeringa mtaa mzima. Angewaambia wateja wake, "Huyo nimemfundisha mimi," na kisha angekutafutia kosa moja la nukta ili usivimbe kichwa.

Ichukue zawadi, shemeji. Nakuomba. Majaji nao ni watu, na vitu hupotea njiani. Huenda haikuwafikia. Usiende kugombana na watu wazima ukumbini kwa jambo ambalo huna hakika nalo. Una kazi shuleni, na mwalimu mkuu wako anasoma magazeti.

Mimi naomba tu hivyo.

Fundi


24 Juni

Kwa Shemeji,

Haikuwafikia vipi, na wewe uliipeleka posta? Yangu ilifika kutoka huku porini, yake ishindwe kutoka hapo kwenu? Hapana, shemeji. Una moyo mwema kupita kiasi. Kaka alikuwa akisema ukiumwa na nyuki unamwomba radhi kwa kumpotezea mwiba.

Nimekwisha mwandikia Bibi Ndimu. Sikutaka aseme nimemvizia. Nimemwambia kuwa Mshale Mfupi amefariki. Kwamba kisa chake cha mwisho kilitumwa na mjane wake kwa mikono yake akiwa bado na nguo za msiba. Kwamba wao walikitupa. Na kwamba mtu asiyeweza kucheka hafai kuwapimia wengine kicheko, kama kiziwi asivyofaa kupiga filimbi ya refa. Nimemwambia pia jina tunalomwita. Nilidhani nitaona aibu. Sikuona.

Hotuba yangu ya ukumbini nimeshaiandika. Wasaidizi wangu nimewasomea wakati tunamenya viazi, mmoja akalia.

Mwiko


1 Julai

Kwa Mama Mfiwa,

Anwani yako nimeipata kwenye bahasha za zamani za marehemu mumeo. Mimi ni mwenyekiti wa majaji wa shindano la visa vya kuchekesha. Shemeji yako ameniandikia. Pole sana. Sikujua, na habari hii imeniumiza kuliko nilivyotarajia kuumia kwa mtu ambaye sijawahi kumwona.

Anasema tulikitupa kisa chake cha mwisho. Mama, tumemwaga masanduku yote sakafuni, sisi majaji watatu, pamoja na yule anayetupikia chai. Bahasha ya Mshale Mfupi haikuwamo. Na nisingeikosa, kwa sababu kila mwaka niliitafuta kwanza.

Nikueleze jambo ambalo kwa haki ningemweleza yeye. Kanuni zetu zinasema kisa kiandikwe upande mmoja tu wa karatasi. Mumeo aliandika pande zote mbili, kila mwaka. Mbele kisa, nyuma malalamiko. Kisa chake kilikuwa kizuri, mara nyingine kizuri sana, lakini tulilazimika kukiondoa. Ila malalamiko, Mama! Tulikuwa tukiyasoma kwa sauti wakati wa chai. Mwaka mmoja aliandika kwamba sisi ni kama saa ya mnara, tuko juu, kila mtu anatutazama, na tumesimama. Nilicheka mpaka nikamwaga chai kwenye visa vya watu wengine. Tulikuwa tukisema, hivi kwa nini asituletee haya mbele na kile kisa akakiacha? Lakini jaji hamwandikii mshindani. Hiyo nayo ni kanuni. Sasa naiona kanuni hiyo ilivyokuwa ya kipumbavu.

Shemeji yako anasema wewe ndiye uliyeipeleka posta. Ikiwa unakumbuka siku, naweza kuwabana watu wa posta. Karani aliyeipokea lazima ajibu.

Kwa heshima,
Mwenyekiti wa Majaji
(ambaye sasa najua naitwa nani)


4 Julai

Kwa Shemeji Mwiko,

Nakuomba uketi kabla ya kusoma, na usiisomee mbele ya wasaidizi wako.

Bahasha sikuituma. Ninayo. Iko kwenye mtoto wa meza ya cherehani, chini ya kopo la pini.

Sikukudanganya kwamba nilikwenda posta. Nilikwenda. Nilisimama foleni mpaka nikabakiza mtu mmoja mbele yangu. Nikaigeuza bahasha kutazama kama imefungwa vizuri, nikaona pale kwenye gundi alivyoilamba. Unajua alivyokuwa akilamba bahasha, upande mmoja sana, upande mwingine inabaki imejikunja. Nikawaza, kitu cha mwisho alichokifunga kwa ulimi wake mwenyewe nampa mtu mwenye sweta akigonge muhuri. Yule karani akaniambia, "Mama, lete." Nikamwambia nimesahau stempu. Akasema, "Stempu ninazo mimi, Mama, hapa ni posta." Watu wakacheka. Nikaondoka.

Nilisema nitarudi kesho. Kisha kesho yake. Kisha shindano likafungwa na sikuwa na la kukuambia, na wewe ukawa unasubiri ashinde. Kila ulipowatukana majaji nilikuwa najua unayemtukana ni mimi.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa akinisomea visa vyake nikiwa kazini. Mimi nikishona nakuwa na pini mdomoni. Anasoma, anafika mwisho, ananitazama, nami nina pini, natikisa kichwa tu. "Jaji wa nyumbani naye kakataa," anasema, anakunja karatasi. Miaka yote hiyo hakuwahi kunisikia nikicheka. Hata hiki cha mwisho alinisomea kabla hajalazwa, siku ile nilipopindisha pindo la gauni la mwalimu, nikamfukuza aende kibandani kwake, kwamba ananipigia kelele. Hospitalini usiku wa mwisho aliniuliza, "Ile ya saa, ilichekesha?" Nikamwambia, "Lala kwanza, utaniuliza kesho."

Kwa hiyo sikumnyima majaji tu. Nilimnyima hata jibu langu mimi.

Bibi Ndimu ameniandikia. Nakutumia barua yake uisome mwenyewe. Hakumtupa. Wamemwaga masanduku sakafuni kumtafuta. Usimkosee mwanamke huyo ukumbini. Ukitaka kumkosea mtu, njoo hapa.

Fundi


15 Julai

Kwa Shemeji,

Barua yako nilipewa na mlinzi wa geti asubuhi ya safari. Niliisoma nimesimama, kwa sababu sifuati maelekezo, na nikaketi baadaye.

Nitakuambia ukweli. Nilikasirika. Safari nzima nilikuwa nikikujibu moyoni, na majibu mengine hayafai kuandikwa. Si kwa sababu ya shindano. Ni kwa sababu ulikuwa na maandishi yake chini ya pini miezi yote hii, na mimi sina hata risiti yenye mkono wake. Ungeniambia. Ningekuja tukakae tuitazame wote.

Ukumbini wakaniita. Mfuko wa kulia nina hotuba, mfuko wa kushoto nina barua yako. Bibi Ndimu ndiye aliyekuwa akitoa zawadi. Shemeji, ni mdogo! Ananifikia hapa kifuani. Gazetini anaonekana kama ukuta. Akanipa cheti na saa ya ukutani, na ile saa imesimama. Nikaona hiyo ni kazi ya kaka, nimeletewa saa mbovu mbele za watu.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Nilikuja hapa kumtukana mama huyu." Ukumbi ukacheka. Nikasema, "Sichekeshi, nilikuja kweli, hotuba hii hapa." Nikaitoa. Wakacheka zaidi. Nikaomba radhi kwa kumwita Bibi Ndimu. Shemeji, watu walishika viti. Nilivyozidi kuomba radhi kwa moyo mmoja ndivyo walivyozidi. Mshindi wa kwanza alinitazama kwa chuki. Mimi nilikuwa karibu kulia, na yule bibi aliyeng'ata ndimu alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, akitetemeka. Nilidhani nimemliza. Alipokitoa alikuwa anacheka, na anafuta machozi kweli. Akaninong'oneza, "Kaka yako angelalamika kwamba umezidisha muda."

Sasa sikiliza. Hasira zimepungua, hazijaisha. Zinahitaji kukandwa, kama unga. Lakini ile habari ya pini usiibebe peke yako. Mimi nilikuwa nikimsomea vyangu kwa simu, naye hakuwahi kucheka hata siku moja. Alikuwa akisema "endelea" tu. Nikishamaliza nasikia amekata simu. Kumbe mkewe ndiye alikuwa akinipa salamu wiki inayofuata, "Kaka yako alicheka mpaka akadondosha skrubu." Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia. Umesahau?

Mpelekee Bibi Ndimu bahasha. Asome yeye kwanza. Ilikuwa yake.

Mwiko


22 Julai

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Majaji,

Bahasha ndiyo hii. Posta haina kosa, karani wa watu nimemsingizia kwa kukaa kimya, naomba usimbane. Kosa ni langu. Shemeji atakuwa amekueleza.

Sijaifungua. Sijui nyuma ameandika nini, na naogopa kujua. Nakuomba ufungue kwa wembe, upande wa juu, ile gundi uiache. Ukimaliza unirudishie bahasha tupu kama haina kazi. Na kama nyuma yake kuna maneno makali juu yangu, usinifiche. Nimezoea kupimwa na wateja.

Wako mtiifu,
Mjane wa Mshale Mfupi


30 Julai

Kwa Mama,

Nimefungua kwa wembe. Gundi ipo kama alivyoilamba.

Kisa kinahusu mume aliyemletea fundi saa yake arudishe nyuma mishale, ili mkewe asijue kwamba amechelewa kurudi. Fundi anairudisha bila kusema neno, kwa sababu jana yake mke naye alileta ya kwake, kwa sababu ile ile. Basi watu hao wawili wanaishi kwa amani katika nyumba ambayo kila siku bado ni mapema. Sijui kama katika maisha yangu ya ujaji nimesoma kizuri kuliko hiki.

Nyuma ameandika hivi, nakunakilia neno kwa neno:

"Kwa Majaji. Mwaka huu sina malalamiko juu yenu, mnaweza kunywa chai. Nina malalamiko juu ya jaji mmoja tu, anayekaa kwangu. Ni fundi cherehani. Nikianza kumsomea anatia pini mdomoni ili nisimsikie akicheka. Hajui kwamba mimi simtazami mdomo. Namtazama mabega. Yule mwanamke huchekea mabegani. Sijapata kumwambia, kwa sababu akijua atayakaza, na mimi nitakosa mahali pa kusomea matokeo yangu. Hiki cha mbele nilipomsomea, mabega yalicheza mpaka pindo la gauni la mwalimu wa watu likaenda upande, kisha akanifukuza. Kwa hiyo amueni mtakavyo. Mimi mwaka huu nimeshashinda. Mshale Mfupi."

Mama, kwa mujibu wa kanuni kisa hiki kimekataliwa. Kimechelewa, na kimeandikwa pande mbili. Lakini nakala yake tumeibandika ukutani juu ya birika la chai, upande wa nyuma ukiwa mbele. Karatasi yenyewe na bahasha nakurudishia. Si zetu.

Bibi Ndimu


8 Agosti

Kwa Shemeji Mwiko,

Nakutumia karatasi. Kaa nayo mwezi huu wote, kisha uilete mwenyewe, usiitume. Posta mimi sina bahati nayo. Bahasha nimebaki nayo.

Usome nyuma. Mimi nilisoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani, bila pini. Nilicheka kwa sauti mpaka jirani akaja kubisha hodi akidhani nalia, na alipoingia nikawa nalia kweli, basi hakuonekana mwongo. Gauni la mwalimu nimelifumua pindo na kulishona upya. Nimemwambia sababu. Akasema angejua asingelirudisha, angelivaa hivyo hivyo.

Bado lile swali la hospitalini sijalijibu. Kwamba alijua jibu hakunitoshi. Alitaka kulisikia, na mimi nilimwambia kesho. Hilo nitakaa nalo, sitaki ulipunguze.

Ile saa yako ya zawadi ilete pia. Vifaa vyake vipo, na mzee wa duka la vioo anasema ana kijana wa ndugu yake anayejifunza ufundi. Ila nimefikiri, labda tuiache imesimama.

Mwakani utaandika tena, najua. Njoo unisomee kwanza kabla hujatuma. Nitaziweka pini kwenye kopo. Na ukigeuza karatasi, ukafika pale pa kuwalalamikia majaji, nikumbuke na mimi.

Fundi